Kamera na fagia: jinsi ya kujenga biashara kwa kuchambua habari ambazo hukuandika wewe

Kama ushawahi fika soko la Kibuye hapa Kisumu Jumapili asubuhi, na nasema asubuhi ya saa kumi na moja bado kuna giza, utapata wamama wamezunguka beli ya mitumba inangoja kukatwa. Ikifunguliwa tu ni vita, na ndani ya dakika chache zile nguo za maana zishatoka. Hizo ndio kamera. Zenye zinabaki zinashuka bei pole pole mpaka jioni zinakuwa fagia, unachota tu na mkono. Sasa kuna mama mmoja hunichagulia mashati, hajawahi shona nguo maishani, beli si yake, duka hana. Kazi yake ni kuamka, kutoa labda ishirini kwa rundo la mia mbili, kuzipiga pasi, halafu ananipigia simu: "Nyathina, nimekuwekea mbili, lakini hiyo ya bluu iko na doa kidogo kwa kola, usije ukasema sikukuambia." Shati yenye kwa fagia ningepata na 50, kwake natoa 400 na sibishani, juu mara ya mwisho nilijaribu kuchagua mwenyewe nilirudi nyumbani na shati ya mikono miwili tofauti.

Hiyo ndio biashara nataka tuongelee, ila sisi mali yetu ni habari. Unachukua vitu vimetapakaa kila mahali, vimeandikwa na watu wengine, unachagua, unahakikisha, unaongeza maneno yako kidogo, unampelekea mtu mwenye vinamfaa. Na si kitu kipya ati kimeletwa na intaneti. Reader's Digest ilianza Marekani 1922, DeWitt Wallace na bibi yake Lila walikuwa wanachukua makala za magazeti mengine wanazifupisha wanazipanga kwa kijitabu kidogo, na walikula pesa ya wasomaji peke yake mpaka 1955 ndio wakaanza kuweka matangazo ya biashara kwa toleo la kwao. Zaidi ya miaka thelathini watu wanalipa tu kuchaguliwa cha kusoma!

Mimi nachambua tenda. Kisumu, Siaya, Homa Bay, Vihiga, Kakamega, Busia, Bungoma. Sijui kuandika programu, ofisi yangu ni meza moja kwa cyber ya rafiki yangu hapa Oginga Odinga Street. Nitaeleza venye mimi hufanya na venye makampuni makubwa yamefanya, wewe uchukue chenye kinakufaa.

Hatua ya 1: Tafuta beli yenye imejaa takataka

Hapa ndio wengi huanguka kabla hata hawajaanza. Mtu anafungua chaneli ya WhatsApp, anaiita Habari Motomoto Western, anaanza kurusha kila kitu, siasa, Gor, mafuriko ya Nyando, bei ya unga, nani ameachana na nani. Hivo vitu kila mtu anavyo kwa simu tayari, hakuna mtu atakulipa umletee chenye jirani yake amemforwadia asubuhi.

Beli nzuri iko na mambo matatu pamoja. Vitu ni vingi kupita kiasi. Vingi ni vibovu ama havimhusu mtu wako. Na akikosa ule mmoja mzuri, anapoteza pesa. Hiyo ya tatu ndio watu husahau, wanapata mafolowa elfu kadhaa halafu wanashangaa mbona hawali.

Kwa tenda zote tatu ziko. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inasema angalau 30% ya manunuzi ya serikali iende kwa biashara za vijana, wamama na watu wanaoishi na ulemavu, ndio ile mambo ya AGPO, mpango wa kuwafungulia watu hao tenda za serikali. Kwa karatasi ni tamu. Lakini yule mama wa Kondele anauza sabuni na tishu kwa jumla, ako na cheti chake cha AGPO kimewekwa fremu ukutani, atajua aje kuna chuo Bondo kinataka vitu vya usafi na kinafunga Alhamisi saa nne? Hajui. Anajua wiki mbili baadaye akisikia ni nani alipata.

Si lazima iwe tenda. Jamaa yangu Nakuru huchambua minada ya magari, yale matangazo ya madalali kwa magazeti, anaingia kwa yadi anaangalia tairi, anaangalia kama injini imetolewa, anapiga picha, halafu analetea watu wake gari nne tu zenye anaona zinaweza kununuliwa. Mwingine anaweza chukua basari za kaunti na NG-CDF, hosteli karibu na vyuo vikuu kama Maseno ama MMUST, bei ya viazi kutoka Molo na Mau Narok. Chagua kitu kidogo mpaka uone aibu kumwambia mtu.

Kujaribu kama iko sawa, usiulize watu "nikianzisha hii kitu utapenda?" Watasema ndio, sisi ni watu wa adabu. Uliza watu kumi hivi: mara ya mwisho ulikosa kitu juu hukujua, ilikuwa nini, na ulipoteza pesa ngapi? Kama watano wanakupatia hadithi yenye iko na shilingi ndani, anza. Kama wanakuambia "wazo poa sana, Mungu akubariki", tafuta beli ingine.

Hatua ya 2: Andika mahali vitu vinatokea, hasa mahali google haifiki

Chukua karatasi uorodheshe kila mahali habari yako huzaliwa na siku gani. Yangu inakaa hivi: gazeti la MyGov Jumanne, Kenya Gazette Ijumaa, ule mtandao wa tenda za serikali wa tenders.go.ke kila siku asubuhi, tovuti za kaunti saba, vyuo vikuu, mashirika yenye yako na ofisi huku kama Lake Basin na wale wa maji wa Lake Victoria South. Hiyo mtu yeyote akiwa na bando anaweza soma, kwa hivyo hapo haujashinda mtu.

Penye unashinda ni ubao wa matangazo. Sekondari nyingi zikitafuta mtu wa kuleta mahindi, maharagwe, kuni na yunifomu, wanabandika karatasi kwa geti na kwa ofisi ya elimu, imeisha. Hospitali ndogo vilevile. Mimi niko na watu wa boda watatu, mmoja Luanda, mmoja Yala, mmoja upande wa Ahero, wakipita geti wakiona karatasi mpya wananipigia picha wananitumia, nawarushia 50 kwa kila picha yenye inasomeka. Nikasisitiza inasomeka juu mwanzoni mmoja alikuwa ananitumia vitu vimepigwa akiwa bado anaendesha.

Kuna kitu serikali imekuwa ikisukuma, tenda zote ziingie mfumo mmoja wa mtandao. Watu wameniuliza kama sitafungiwa biashara. Labda nusu yake, ile nusu ya kutafuta. Lakini kitu ikikusanywa mahali pamoja ndio hata inakuwa nyingi zaidi, na bado mtu wa Kondele atataka mtu wa kumwambia hii yako, hii achana nayo.

Hatua ya 3: Tupa

Hii ndio kazi yenyewe na ndio yenye haionekani. Wiki ya kawaida naingiza kama tenda 60 kwa spredshiti, zenye zinafikia wateja ni kama tisa, kumi. Safu zangu ni rahisi: nani anatangaza, anataka nini, ni ya AGPO ama ya kila mtu, inafungwa tarehe gani na saa ngapi (saa ni muhimu kuliko tarehe, sanduku likifungwa saa nne asubuhi wewe wa saa nne na dakika tano unarudi na bahasha yako nyumbani), kuna dhamana ya benki, kuna lazima ya kutembelea saiti, nimeona wapi, na nani amehakikisha.

Natupa nini? Zenye zinataka dhamana ya benki kubwa mtu wangu hawezi pata. Zenye zinataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu kwa biashara yenye iko na mwaka mmoja. Zenye kutembelea saiti kulikuwa jana. Zenye masharti yameandikwa mpaka unaona kabisa kuna mtu fulani alipimwa kama suti. Mwanzoni nilikuwa naogopa kutupa, naona nikituma nyingi watu wataona nafanya kazi. Mteja mmoja akanitumia voisi nouti ya dakika mbili, ananiambia kwa heshima zote, "Kijana wangu, kama ni kusoma zote ningesoma mwenyewe." Alikuwa na haki.

Hata wenye mashine wamejifunza hii. Techmeme ilianzishwa 2005 na Gabe Rivera, ukurasa mmoja wa habari za teknolojia unapangwa na kompyuta, hakuna mhariri. 2008 wakaweka binadamu, juu kompyuta ilikuwa inachelewa kutoa habari zimepitwa na zingine haioni uzito wake. Bado ni ukurasa mmoja mpaka leo.

Na kuhakikisha ni sehemu ya kutupa. Hapa lazima niseme kitu sipendi kusema. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nachanganya na nafasi za kazi, nikaforwadiwa tangazo la kazi za usafi kwa hospitali fulani, lilikuwa na nembo, lilikuwa na muhuri, nikaliweka bila kupiga simu juu ilikuwa usiku na nilitaka kulala. Lilikuwa feki. Dada mmoja wa Nyalenda alituma 1,450 ya "fomu ya daktari", namba ikazimwa. Akakuja mpaka kwa cyber, hakunitukana, alisimama tu hapo na simu yake ananionyesha ile meseji ya M-Pesa. Nikamrudishia kutoka mfuko wangu na wiki hiyo nikaacha mambo ya kazi kabisa. Tangu siku hiyo hakuna kitu inatoka kabla mtu hajapiga simu kwa namba ya ofisi, na namba naitoa kwa tovuti yao ama nafika mwenyewe, si ile imeandikwa kwa tangazo. Ukiona tangazo lolote linataka mtu wa kutafuta kazi atume pesa, hilo halihitaji hata simu.

Hatua ya 4: Andika kama unamwambia jirani

Kukopi na kubandika tangazo zima si biashara, na pia inaweza kukuletea shida, nitafika hapo. Mfano wa kitu natuma:

"Sekondari ya wasichana, Vihiga. Wanataka maharagwe na mahindi, muhula mzima. Ni ya AGPO. Inafungwa Jumanne tarehe 14 saa 4 asubuhi, sanduku liko kwa ofisi ya bursar. Fomu hailipishwi. Kama hauna stoo usijaribu, wanataka gunia zije kwa awamu na wao hawana mahali pa kuweka. Nimepiga simu Ijumaa, ni ya kweli."

Angalia ile ya stoo. Kwa tangazo haiko hivo, iko ukurasa wa 17 imefichwa kwa masharti. Hiyo laini moja ndio mtu ananilipia, na nilisoma kurasa 16 kuifikia.

Usiandike kila kitu ni "nafasi adimu". Ukisema kila wiki nafasi adimu, wiki yenye iko kweli utakosa neno.

Hatua ya 5: Chunga unajenga kwa shamba la nani

Chaneli ya WhatsApp ni ya bure, namba za watu hazionekani, ni mzuri kwa umma. Grupu inabeba watu 1,024 na kila mtu anaona namba ya mwenzake, halafu kutakuwa na mtu wa kuuza shamba Mamboleo usiku wa manane, funga ikuwe admini peke yake anaandika. Brodkasti inaishia watu 256 na mtu kama hajasevu namba yako haimfikii, hiyo ilinisumbua miezi miwili nikidhani watu wamenichukia. Telegram ni poa ila wazee wangu hawako huko. Kuna wateja wako na kabambe, zile simu ndogo za kubonyeza, hao ni SMS.

Popote utakapokaa, ukuwe na kitabu chako cha namba na imeili chenye hakuna kampuni inaweza kukunyang'anya. Wakubwa wamelia hapa. Digg ilikuwa jina kubwa sana kwa mambo ya watu kupigia linki kura, 2010 wakabadilisha saiti yao yote kwa mpigo mmoja, watu wakakasirika wakahamia Reddit, na 2012 jina na saiti ikauzwa kwa kitu kama dola 500,000. Upworthy ilianza 2012, kazi yao kuchagua video za kugusa moyo na kuziwekea vichwa vya kukufanya ubonyeze, mwisho wa 2013 walikuwa juu kabisa kupitia Facebook, Facebook wakageuza venye wanaonyesha watu posti, wasomaji wakaporomoka. Na wale walikuwa wanategemea Google Reader, ile ya kukusanyia mtu posti mpya za saiti zote anazofuata, kufikia watu, Julai 1, 2013 iliamka imezimwa. Wewe na chaneli yako ya watu 600 si wewe ndio watahurumia.

Hatua ya 6: Pesa inaingilia wapi

Kuna milango kadhaa na nitakaa kwa yenye inafaa mtu wa huku.

Wa kwanza ni matangazo na wadhamini. Huu unataka ama watu wengi, ama watu wachache wa aina moja wenye mtu anawatafuta. Morning Brew ilianza 2015 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Michigan, Alex Lieberman na Austin Rief, wanafupisha habari za biashara kwa imeili ya asubuhi, ya bure, wanakula matangazo, na 2020 kampuni ya habari ya Insider ilinunua sehemu kubwa kwa hesabu iliyoweka thamani ya kampuni dola milioni 75. Usisisimke sana. Huku, mtu wa kutengeneza mihuri na kuprinti vitabu vya risiti ananilipa 2,000 kwa mwezi niweke laini mbili chini ya orodha, juu kila mtu wa tenda lazima atafute muhuri. Angeenda redio angelipa zaidi kufikia watu wenye hawajui muhuri ni wa nini. Ukiweka tangazo la kulipiwa andika kwa herufi kubwa TANGAZO. Usichanganye na zile umechagua.

Wa pili, kulipwa na msomaji. Hapa ujanja wangu ni saa. Jumanne usiku wenye wanalipa, 300 kwa mwezi, wanapata orodha yote. Ijumaa chaneli ya bure inapata tatu, nne. Kwa tenda yenye imepewa siku saba tu za kujibu, hizo siku tatu katikati ndio bidhaa. Sijaficha habari, iko tu kwa gazeti kama kawaida, nimeuza mapema. Malipo ni kwa Till, usitumie namba yako ya kawaida juu mwisho wa mwezi hutajua ipi ni ya mteja na ipi ni ya shemeji amerudisha deni. Na usimwongeze mtu ati atalipa kesho. Kesho iko na watu wengi sana kwa grupu yangu ya zamani.

Wa tatu, kamisheni. Mtu akinunua kupitia linki yako unapata kitu. Wirecutter ilianzishwa 2011 na Brian Lam, wanapima vitu, wanakuambia nunua hii moja, linki inaenda dukani, 2016 New York Times wakainunua kwa takriban dola milioni 30. Huku Jumia wamekuwa na mpango kama huo, na yule jamaa wangu wa minada hupata kitu kutoka kwa fundi anampelekea wateja. Shida ya kamisheni ni inavuta jicho lako pole pole. Unaanza kuona gari la fundi wako ni zuri kuliko lilivyo. Njia mimi naona ni uchague kwanza, ufunge orodha, ndio uangalie kama kuna chenye kiko na kamisheni.

Wa nne ndio unanilisha mimi kwa ukweli: kuchambua kama chambo ya kazi ingine. Mtu akiona tenda, swali linalofuata ni "sasa nazijaza aje?" Na watu wanatupwa nje kwa vitu vidogo sana, karatasi hazijapigwa namba kila ukurasa kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, na sheria inataka hivo, ama cheti cha kodi cha KRA kimeisha muda, ama CR12, ile karatasi ya kuonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni, ni ya kitambo, ama fomu haijasainiwa mahali pamoja. Naangalia faili la mtu kabla hajapeleka, 1,500, naenda ukurasa kwa ukurasa na kalamu. Pesa ya usajili inalipa bando na boda, hii ndio inalipa nyumba. Kuna makampuni mengi, hata makubwa, yenye jarida lao la bure ni mlango tu, duka liko nyuma.

Kuna pia kuchanga kwa hiari, Maria Popova alianza 2006 na imeili ya wenzake saba wa kazini na kazi yake inaendelea bado, siku hizi inaitwa The Marginalian, wasomaji wanamchangia. Mimi nilijaribu nikachangiwa 180. Na kuna mlango wa Pinterest na Reddit, watumiaji wanachagua wenyewe bure wewe unauza matangazo juu yao, huo unataka pesa ya kuchoma miaka mingi, tuuache.

Sasa mlango mmoja haujaandikwa popote na utakuja kugongwa. Mwaka jana mtu alinipigia, sauti ya mtu mzima, mpole, akauliza naweza chukua ngapi nisiweke ile tenda ya magodoro. Elfu tano. Si kuweka, ni KUTOWEKA. Nilikaa kimya kidogo, nikiri tu, nilikuwa na rent. Halafu nikafikiria yule mama wa Kibuye akipewa pesa na mtu ili asinionyeshe shati nzuri, kwa sababu gani nitaendelea kumwamini? Chenye nauza ni kwamba kilichokosekana kilikosekana kwa sababu ni kibovu. Nikaiweka namba moja wiki hiyo. Na kwa hiyo sababu hiyo hiyo mimi siombi tenda yoyote yangu mwenyewe, hata ile naona kabisa ningeweza.

Hatua ya 7: Usiibe, usishtakiwe

Habari yenyewe, ati chuo fulani kinataka viti 200, haina mwenyewe. Maneno na picha ziko na wenyewe. Sheria yetu ya hakimiliki ya 2001 inakuruhusu kutumia kidogo kwa kuripoti mambo yanayoendelea ama kukosoa, ukitaja umetoa wapi. Kwa hivyo fupisha kwa maneno yako, taja chanzo, weka linki. Picha ya mpiga picha wa gazeti usiguse. Na usipige picha ukurasa mzima wa gazeti la kulipiwa ukarushia grupu, hiyo si kuchambua, hiyo ni kugawa gazeti la mtu.

Namba za watu ni za watu. Sheria ya kulinda data ya 2019 iko, usichukue namba kwa orodha ya harusi ukaingiza kwa grupu. Uliza, weka ile meseji ya kukubali, mtu akisema toa mtoe siku hiyo.

Kodi: Sheria ya Fedha ya 2023 ilileta makato ya 5% kwa malipo ya kontenti ya kidijitali, mdhamini anaweza kukukata kabla hajakutumia, dai cheti kionekane kwa iTax yako. Mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka kuna ile ya 3% ya mauzo. Sijafika huko, lakini mtu asikuambie hukujua.

Hatua ya 8: Watakuibia pia

Mwezi wa nane baada ya kuanza nilipata orodha yangu neno kwa neno kwa grupu ya mtu, anauza 100. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula, halafu bibi yangu akauliza, "Lakini si wewe pia huwa unachukua za watu?" Tukacheka. Chenye hufanya sasa, nagawa wanaolipa kwa grupu nne, kila grupu inapata orodha ile ile lakini kuna mahali neno moja ni tofauti, hapa nimeandika "sanduku liko", pale "sanduku linapatikana". Nilijua grupu siku ya pili na mtu wiki ya tatu. Nilimpigia nikamwambia endelea kukopi, ila mteja wako akiuliza swali kuhusu ile dhamana utamjibu nini? Baadaye alianza kunitumia wateja wa kukaguliwa faili, nampatia 200 kwa kila mmoja.

Hatua ya 9: Ukichukua msaidizi, chunga unamlipa kwa nini

Mwanzoni msichana anayenisaidia nilikuwa namlipa kwa kila tenda yenye imeingia kwa orodha. Wiki mbili orodha ikawa ndefu, vitu vya ajabu ndani, kuna moja ilikuwa imefungwa siku tatu kabla. Si yeye alikuwa mbaya, mimi ndio nilikuwa nanunua wingi. Tukabadilisha, sasa namlipa kwa kila tenda amepiga simu akamaliza, iingie ama itupwe, bei ni moja, na zile zimetupwa anaandika kwa nini kwa safu ya mwisho. Jumanne iliyopita alitupa 41. Moja ameandika tu: "Nimepiga mara nne, wa mwisho ameniuliza nani amenitumia. Hapana."